Kibali Kabla ya Saruji

Mpwa wangu aishiye Uingereza alinipigia simu majuzi akilalama. Baridi ya huko imemchosha, akaazimia kutandaza nyaya za umeme chini ya vigae vya bafuni ili sakafu ipate joto. Nyaya amekwisha kununua, koleo anayo. Kilichomkera ni kuambiwa kwamba sharti sheria ifuatwe kwanza.

"Mjomba, nyumba ni yangu. Kibali cha nini?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba kibali hicho kina maana. Katika England, tangu mwaka wa 2005, kanuni za ujenzi husimamia kazi za umeme majumbani. Anayevuta laini mpya kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi hana budi kuiarifu ofisi ya ujenzi ya mtaa kabla ya kuanza, ama amwajiri fundi aliyesajiliwa, ambaye huithibitisha kazi yake kwa cheti.

Sababu i wazi. Waya uliozikwa chini ya saruji hauonekani tena. Ndiyo maana fundi mwangalifu huupima kabla ya kuutandaza, akaupima tena baada ya kuutandaza, na mara nyingine vigae vikishakaa. Kisha huweka swichi ya usalama ikatayo umeme mara unapovuja. Bafuni mtu husimama miguu mitupu, mwili umelowa. Kosa dogo laweza kumwua.

Je, sisi? Ni nadra Mkenya kupasha sakafu joto, lakini hita za kuogea zimejaa majumbani, na hatari yake ni ile ile. Sheria ya Kawi ya 2019 yamtaka afanyaye kazi ya nyaya awe na leseni, nayo hutolewa na EPRA. Hata hivyo, twamwita yeyote mwenye bisibisi, twapatana bei, basi. Nakiri kuwa nami nilifanya hivyo. Nilizinduka siku bomba la bafuni liliponitetemesha mkono hadi begani, na wanangu walikuwa wakioga humo kila asubuhi.

Walimu wa fizikia hueleza vyema kazi ya waya wa ardhi. Nawasihi waeleze pia kazi ya leseni. Nawe mwanafunzi, ukifika nyumbani leo, waulize wazazi wako: aliyetufungia hita ile alikuwa nani, na cheti chake ki wapi?