Nyika Isiyo Tupu: Miti, Maji na Msamiati wa Leparua

Leparua iko magharibi ya mji wa Isiolo, pale nyanda za juu za Laikipia zinapoteremka kuelekea nchi kame ya kaskazini. Msemaji wa Kiswahili atokaye pwani huiita nchi ya namna hiyo nyika au pori, maneno yanayodokeza ardhi isiyo na mwenyewe wala kazi. Hayo ni maneno ya mkulima na baharia. Wamijikenda, ambao zamani waliitwa Wanyika, walikuwa na sababu ya kulikataa jina hilo.

Lugha za wafugaji wanaokutana katika eneo hili, yaani Kimaa, Kiturkana, Kiborana na Kisomali, haziioni nchi hiyo kuwa tupu hata kidogo. Chukua mfano wa mgunga mmoja tu, ule wenye kichwa bapa kama mwavuli. Wamaasai huuita oltepesi, Waturkana ewoi, Waborana dadacha, na Wasomali qurac. Maganda yake huwalisha mbuzi majani yanapokwisha, na kivuli chake huwakusanya wazee kwa shauri. Mbali zaidi kaskazini, katika nchi ya Waturkana wenyewe, ewoi ulioota kando ya mto huwa ndani ya ekwar, yaani sehemu ya ukingo ambayo haki ya miti yake ni ya familia fulani. Mgeni anaweza kupita na hata kupumzika; kuangusha maganda bila ruhusa ni kosa.

Ndivyo ilivyo kwa malisho. Olopololi ya Wamaasai ni nyasi za karibu na boma zinazoachwa makusudi kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu wakati wa kiangazi. Asiyelijua neno hilo huona tu mahali pasipo mifugo, akadhani hapatumiki. Waborana nao wana aba konfi, ambaye haki yake juu ya kisima hutokana na kazi ya kukichimba, na aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha. Kisima chenyewe ni eela, neno lililo na udugu dhahiri na ceel ya Kisomali, kwa kuwa zote mbili ni lugha za Kikushi.

Kwamba msamiati wa namna hii unaweza kutoweka si jambo la kubuni. Katika msitu wa Mukogodo, jirani na Leparua, waliishi Wayaaku, wawindaji na warina asali, ambao lugha yao nayo ilikuwa ya Kikushi. Mahari yao ilikuwa mizinga ya nyuki. Baada ya mkataba wa 1911 Wamaasai walihamishwa kutoka Laikipia, na katika miaka iliyofuata serikali ya kikoloni ikasukuma vikundi vingine vya wasemaji wa Kimaa kwenye hifadhi ya Mukogodo. Majirani hawa wapya walitaka mahari ya ng'ombe. Kijana mwenye mizinga tu alijikuta hawezi kuoa binti wa jirani, hali mabinti wa kwao wakiolewa kwa mifugo. Naye akaitwa oltorroboni, maskini asiye na ng'ombe. Katika miaka ya 1920 na 1930 Wayaaku waligeuka wafugaji, na wazazi wakawalea watoto kwa Kimaa. Mwanzoni mwa karne ya 21 walisalia wazee wachache mno walioikumbuka lugha ya kwanza. Msitu ungalipo, mitarakwa na mizeituni-mwitu ingalipo, na asali ingali inarinwa. Bali sasa hutajwa kwa lugha ya watu ambao kwao ng'ombe ndiye kipimo cha utajiri.

Kiswahili, kwa kuwa ndicho lugha ya baraza ambamo makabila haya husikilizana, hakiwezi kujitenga na jambo hili, hasa tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilipotaka jamii ziandikishe ardhi zao. Kukopa si kigeni kwake: mtarakwa ni ndugu wa oltarakwai ya Kimaa. Lakini olopololi na ekwar bado hazijapokewa. Mkalimani akifika kwenye olopololi aghalabu hana budi kusema "malisho ya akiba", maneno yanayozitaja nyasi lakini yasiyomtaja ndama, wala boma lenye haki ya kuwazuia wengine.