Maji ya Singida na Dawa za Magugu

Kila kijana aliyesoma mlango wa tahara chuoni anajua ya kwamba maji yakiwa mengi, yakafika kullatayni, hayanajisiki mpaka yageuke rangi, ladha au harufu. Hiyo ni hukumu ya najisi, nayo imesimama. Lakini iko sumu ambayo macho, ulimi na pua haviishuhudii, nayo ni dawa ya kuulia magugu ichuruzikayo kutoka mashambani hata katika maji tunywayo. Maji hayo yaweza kufaa kwa udhu, yasifae kwa uji wa mtoto.

Jambo hili lawahusu sana watu wa Singida. Mito mingi mwisho wake ni bahari, bali sehemu kubwa ya mkoa huu imo katika Bonde la Kati, ambalo maji yake hayana njia ya kutokea. Mvua za Desemba hata Aprili huteremkia maziwa ya Singidani na Kindai, au mbuga ya Wembere, na kutoka huko Kitangiri na Eyasi. Hapo jua huyakausha maji, na chumvi hubaki. Dawa si kama chumvi, kwani huoza kidogo kidogo kwa vijidudu vya udongo. Ila iliyozama chini sana, penye vijidudu vichache, hukawia.

Tutazame atrazini, ipigwayo katika mahindi na mtama. Haishikamani sana na udongo. Mvua kubwa ikinyesha siku chache baada ya kupigwa, huondoka na maji, nyingine kwa mitaro, nyingine kwa chini hata visimani. Na mkulima wa Singida anaye shahidi wake: alizeti. Ikipandwa mahali palipopigwa atrazini msimu uliopita, yaweza kuungua majani na kufa, na mwenyewe alidhani dawa imekwisha zamani. Umoja wa Ulaya uliacha kuiruhusu mwaka 2004 kwa sababu ya maji ya ardhini. Kipimo chao cha tahadhari ni mikrogramu 0.1 kwa lita. Shirika la Afya Duniani limeweka 100. Tofauti ni kubwa, wala hatupendi kumtia mtu hofu bure; lakini nani katika vijiji vyetu amepima kisima chake?

Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Basi tumwambieje aoshaye bomba lake la dawa kandoni mwa lambo, akamwaga masazo humo? Shamba ni lake. Maji ni ya shirika.

Bomba na lioshwe shambani, na maji ya kuoshea yapigwe papo hapo katika mazao yale yale. Nyasi ziachwe baina ya shamba na kisima, wala dawa isipigwe mawingu yakiwa mazito. Akina mama nao wajue ya kwamba kuchemsha maji huua vijidudu vya maradhi, bali hakuondoi dawa hizi. Na dumu lililokuwa na dawa lisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya alizeti, hata likioshwa mara saba.