Somo la Saba: Sauti ya Mungu Katika Maisha ya Kila Siku



Mara nyingi Wakristu wapya huwauliza mapadri na makatekista wao: Mungu alisema na Abrahamu, akasema na Musa, mbona hasemi nami? Wengine hungoja ndoto au ishara ya ajabu. Wengine, wakichoka kungoja, humwendea mtu ajitangazaye kuwa nabii, wakampa kuku na fedha ili awaambie Mungu amesema nini. Leo tutajifunza kwamba Mungu husema nasi kila siku, na kwamba kuna njia ya kuitambua sauti yake katikati ya sauti nyingine.

Tumtazame kwanza kijana Samweli, aliyelala hekaluni Shilo. Aliitwa usiku, naye akamkimbilia mzee Eli, akidhani ndiye aliyemwita. Ikawa hivyo mara tatu. Hapa twapata mafundisho mawili. La kwanza: sauti ya Mungu haikuja na ngurumo, bali ilifanana na sauti ya mtu wa nyumbani. La pili: Samweli hakuitambua peke yake, alihitaji mzee wa kumfundisha namna ya kuitikia. Nasi pia twalihitaji Kanisa, mama yetu.

Basi Mungu husema wapi? Husema katika Maandiko Matakatifu yasomwayo kanisani. Husema katika mafundisho ya Kanisa. Husema kwa kilio cha jirani mwenye shida. Tena husema ndani ya dhamiri, pale mtu anapobaki peke yake na Muumba wake. Ninyi mnaosikiliza masomo haya mwajua: mshale wa redio ukisogea kidogo tu, hamsikii ila mikwaruzo. Je, mwalimu amenyamaza? Sivyo. Yeye aendelea kufundisha. Ni redio iliyoelekezwa vibaya. Ndivyo ilivyo kwa moyo uliojaa hasira, tamaa na kelele.

Lakini yatupasa kuangalia sana, maana ziko sauti zinazojivika jina la Mungu. Tuchukue mfano wa Sange, ambao watu wa uwanda wa Ruzizi hawawezi kuusahau. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, lori lililobeba mafuta lilipinduka katika Sange, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Mafuta yalimwagika, na watu wakakusanyika. Wengine walichota, wengine walitazama tu. Karibu na hapo wengi walikuwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka ghafla. Walikufa watu zaidi ya 230, watoto wengi miongoni mwao. Wakazikwa katika makaburi ya pamoja, na majeruhi wakapelekwa Uvira na Bukavu.

Baada ya msiba wa namna hiyo, moyo wa mtu waweza kusikia sauti mbili. Moja yasema: Mungu amewaadhibu, kwa kuwa walichota kisicho chao. Nyingine yauliza: Mjane yule atalimiwa shamba na nani? Yatima wale watalala wapi? Ndugu, ipi ni sauti ya Mungu? Yezu mwenyewe ametujibu. Aliwakumbusha watu habari za wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akafundisha kwamba hao hawakuwa wakosefu kuliko wakaaji wengine wa Yerusalemu. Kila asikiaye na atubu yeye mwenyewe. Kwa hiyo sauti inayowahukumu maiti haitoki kwa Baba. Sauti inayokutuma kwa mjane na jembe lako mkononi, hiyo ndiyo yake.

Vivyo hivyo, mtu akikuambia kwamba mtoto wako ameugua kwa sababu ya uchawi wa bibi mzee jirani yako, na badala ya kukutuma hospitalini akutuma kumpiga au kumfukuza mzee huyo, neno hilo hakulipata kwa Mungu. Mungu aliyetukataza kuua na kushuhudia uongo hawezi kujipinga mwenyewe.

Sasa tutazame namna ya kuitii dhamiri. Mwenye heri Floribert Bwana Chui alikuwa kijana wa Goma, mwenye kazi katika ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa mpakani. Mwaka 2007 walimletea fedha ili aache vyakula vilivyoharibika vipite na kuuzwa kwa watu. Akakataa. Hakuota ndoto, wala hakumwona malaika. Aliona chakula kibaya, akawafikiria watu watakaokila. Alitekwa tarehe 7 Julai, na mwili wake ulionekana siku mbili baadaye. Alikuwa na umri wa miaka 26. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025.

Msiseme: mimi si karani wa mpakani, habari hii hainihusu. Mama auzaye unga sokoni ana kopo lake la kupimia. Akilibonyeza chini ili lipungue, dhamiri humwambia: umemwibia maskini. Siku ya kwanza sauti hiyo huuma. Asipoitii, siku ya kumi haisikii tena. Mungu hakunyamaza, ni sikio lililoziba. Bali mtu anayetii katika kopo la unga hujizoeza kutii hata siku ya hatari kubwa.

Tukumbuke:

Swali: Twaijuaje sauti ya Mungu?
Jibu: Haipingi Amri zake wala mafundisho ya Kanisa, hututuma kumtendea jirani mema, nayo huleta amani moyoni, hata inapotudai jambo gumu.

Swali: Tufanye nini tukiwa na mashaka?
Jibu: Tusali, tungoje hasira ipoe, tumwulize padri au katekista, kama Samweli alivyokwenda kwa Eli.

Azimio la juma hili: kila jioni, kabla ya kulala, nyamazeni kidogo, mkajiulize: Leo Mungu ameniomba nini, nami nimejibu nini? Aliyekosa na aombe toharani; kesho alirudishe kopo lake katika kipimo cha haki.

Ee Bwana, uzibue masikio yetu, ili tukuitikie ungali ukituita. Amina.