Kisanduku cha Taa Kinachotengenezeka Huku Moshi

Kazi yangu ni taa za sherehe, na msimu wangu mkubwa ni Desemba. Watu wanaporudi nyumbani Kibosho, Machame, Marangu na Rombo, karibu kila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kina jambo lake: kipaimara, harusi, ubatizo, shukrani. Turubai hufungwa palipo tambarare, na tambarare ni adimu huku mlimani. Jukwaa likipata nafasi kati ya migomba, meza yangu ya kuongozea hubaki barazani au ng'ambo ya zizi, mita 60 au 80 kutoka zilipo taa.

Wengi hudhani fundi wa taa anawasha na kuzima swichi. Taa za sasa huongozwa kwa namba. Kanuni inayotumika, DMX512, ilitungwa mwaka 1986 na USITT, taasisi ya Marekani ya ufundi wa majukwaa, ili meza ya kampuni moja iweze kuongoza taa za kampuni nyingine. Katika kebo hupita namba 512 moja baada ya nyingine, kila moja kati ya 0 na 255, kisha mzunguko unaanza upya, hadi mara 44 kwa sekunde. Kila taa ina anwani yake, na husubiri zamu kama mwanafunzi anavyosubiri jina lake mwalimu anapoita mahudhurio, ila taa yenyewe haiitikii. Taa niliyoipa anwani 1 inaweza kuchukua namba saba za kwanza: nguvu ya mwanga, wekundu, kijani, buluu na mengineyo. Inayofuata huanzia 8. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inapoletwa kwa maharusi, nataka mwanga wa rangi ya asali uifuate toka mlangoni mwa turubai hadi mezani, na kazi hiyo ni namba chache kupanda huku nyingine zikishuka kwa wakati wake.

Namba 512 huisha upesi. Taa yenye kichwa kinachozunguka, ikitumia namba 16, ukifunga 32 tu umemaliza mstari mzima. Mwaka 1998 Wayne Howell wa Artistic Licence, kampuni ya Uingereza, alileta Art-Net: namba zilezile zinafungwa katika pakiti za mtandao wa kompyuta na kupita kwenye kebo ya mtandao kama ile ya ofisini, mistari mingi ya 512 kwa pamoja. Maelezo ya Art-Net yako hadharani na anayetaka huyatumia bila malipo. Laptopu yangu ya zamani ina QLC+, programu ya bure inayotuma pakiti hizo. Kule jukwaani panahitajika kisanduku cha kuzipokea na kuzigeuza tena kuwa DMX.

Visanduku hivyo vinauzwa, na vingine ni vizuri sana. Shida huja kinapokufa. Nimefungua vilivyozibwa kwa gundi nyeusi, na vingine ambavyo majina ya chipu yamekwanguliwa kabisa. Fundi mwenye mita na mkono mtulivu hana pa kuanzia. Kifaa kinatupwa kwa sababu ya kipande kidogo ambacho angekibadilisha kwa dakika chache, na mwenye sherehe ndiye anayelipia kingine kiagizwe kutoka mbali.

Ndiyo maana nazipenda saketi ambazo waliozibuni wameweka michoro yake wazi. Kwa maana ya uwazi huo iliyokubaliwa mwaka 2011 na watengenezaji wa vifaa vya namna hii, mtu yeyote ana ruhusa ya kuusoma mchoro, kuubadilisha, kutengeneza kifaa, hata kukiuza. Kisanduku cha Art-Net cha aina hii kina vitu vichache: bodi yenye chipu ya ESP32 ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, chipu ya kutuma DMX kama MAX485, umeme wa volti 5, na soketi ya kuchomekea taa. MAX485 hutuma kila ishara katika nyaya mbili, moja ikipanda nyingine inashuka, na taa husoma tofauti yake. Kelele za umeme zikiingia huzipata nyaya zote mbili sawasawa, tofauti inabaki ileile. Mwisho wa mstari lazima ufungwe kwa kizuizi cha omu 120, la sivyo ishara inarudi nyuma na taa zinatetemeka.

Chipu hiyo ya MAX485 ndiyo inayoungua kwanza. Huku juu jukwaa linaweza kuwa kwenye jenereta na meza kwenye umeme wa nyumba, na volti za ardhi zisilingane. Mchoro nilioanza nao uliilehemu chipu moja kwa moja kwenye bodi. Niliubadilisha nikaweka kitako cha miguu minane, hivyo chipu iliyoungua hutolewa kwa bisibisi na mpya kuchomekwa wakati kwaya inaimba. Baadaye nikaongeza kitenganishi kinachopitisha ishara kwa mwanga badala ya waya, pamoja na umeme wake wa pembeni. Mabadiliko hayo nimeyatoa hadharani kama nilivyoupata mchoro wenyewe, na kijana aliyesomea umeme tunayefanya naye kazi ameshajenga visanduku vyake kutokana nayo.

ESP32 ina Wi-Fi, na wateja hupenda kusikia kwamba hakuna waya. Mimi hukataa. Simu za wageni zinajaa kwenye masafa yaleyale ya gigahezi 2.4, na Art-Net hairudii pakiti iliyopotea, kwa hiyo taa zinakwama katikati ya wimbo. Natumia bodi yenye soketi ya kebo ya mtandao, ambayo hufika mita 100 bila wasiwasi. Kebo naipitisha juu ya matawi ya mibuni, mbali na miguu ya watoto.

Kinachotushughulisha sasa ni unyevu. Ukungu wa Juni na Julai hupenya kila tundu, na michoro mingi imechorwa kwa ajili ya kumbi kavu. Tunajaribu maboksi ya plastiki ya mafundi umeme, yale yenye mpira kwenye kifuniko, tukiyatoboa upande wa chini tu ili maji yasikae kwenye soketi. Vipimo vya matundu tutaviweka pamoja na mchoro.