Unakula vizuri lakini unazidi kukonda? Pima thairoidi

Kampala mtu akikonda, watu hunong'ona. Minong'ono hiyo ina historia: mwanzoni mwa miaka ya 1980, Ukimwi ulipokuwa ukiua watu Rakai na Masaka, kusini mwa Uganda, wananchi waliuita "slim" kwa jinsi ulivyowakondesha, na Oktoba 1985 Dkt. David Serwadda na wenzake wakauandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet. Hadi leo, kilo zikipungua, wazo la kwanza ni HIV, kisha kifua kikuu, kisha minyoo. Vipimo hivyo vifanywe, tena mapema. Lakini vikirudi salama, na mgonjwa anamaliza sahani ya matooke (ndizi za kupika) na kuongeza nyingine huku suruali ikimpwaya, apimwe thairoidi.

Tezi hii iko mbele ya shingo. Homoni zake, T3 na T4, ndizo zinazopanga kasi ya mwili kutumia chakula. Zikizidi, mwili humaliza kilicholiwa, kisha hugeukia mafuta na misuli yake. Moyo huenda mbio hata umekaa, jasho hutoka, usingizi hupotea, choo huwa cha mara kwa mara, hedhi huvurugika. Nyoosha mikono mbele, uweke karatasi juu ya vidole: ikitetemeka bila kukoma, usipuuze. Wengine huota rovu, yaani uvimbe wa tezi hiyo shingoni, au hutokeza macho.

Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Dublin aliyeueleza mwaka 1835: kinga ya mwili huichochea tezi bila kukoma. Kwa wengine ni vinundu ndani ya rovu la miaka mingi. Wanawake huugua zaidi. Hata anayetumia ARV, dawa za HIV, anaweza kupata Graves, kinga yake inapoimarika, mwaka mmoja au zaidi baada ya kuanza dawa. Kwa hiyo akikonda ilhali virusi vimedhibitiwa, asilaumiwe kwamba anaruka dozi; apimwe.

Kipimo ni cha damu: TSH, homoni inayoiamuru tezi, ikiwa chini sana na T4 juu, jibu limepatikana. Kama unameza biotini kwa ajili ya nywele na kucha, mwambie daktari kabla, maana huvuruga majibu.

Dawa inayotumika sana ni kabimazoli. Homoni huchukua wiki kadhaa kushuka, na kwa Graves tiba huendelea mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Propranololi hutuliza moyo, ila haiwafai wenye pumu. Wengine huhitaji iodini ya mionzi au upasuaji. Ukiwa kwenye kabimazoli ukapata homa au koo likauma, simamisha dawa na uende hospitali siku hiyohiyo upimwe chembe nyeupe za damu. Mjamzito, au anayepanga kubeba mimba, amweleze daktari mapema.

Usikimbilie vidonge vya kunenepesha. Baadhi vina steroidi kama deksamethasoni: uso huvimba, sukari na presha hupanda, na mifupa ambayo thairoidi imekwisha kuidhoofisha huzidi kulegea. Homoni zikitulia, uzito huanza kurudi wenyewe. Kazi yako ni kuulisha mwili vyema: milo mitatu na vitafunio viwili, matooke kwa mchuzi wa karanga, maharagwe, mayai, parachichi, maziwa, na mukene (dagaa) wanaoliwa pamoja na mifupa yao, hazina ya kalsiamu. Nusu kilo kwa wiki yatosha. Punguza kahawa. Chumvi ya kawaida yenye iodini endelea nayo, bali epuka virutubisho vya mwani. Mapigo ya moyo yakishatulia, anza mazoezi ya kujenga misuli.

Rudi kupimwa kila baada ya wiki 4 hadi 6. Uzito ukipanda upesi, ukachoka na kuhisi baridi, huenda dozi imezidi. Usiiache dawa kwa sababu umenenepa. Mwache daktari aipunguze.