Haki ya Mpangaji Kuishi kwa Utulivu katika Nyumba Aliyopanga

Mpangaji amelipa kodi ya miezi sita. Katika mwezi wa tatu, mwenye nyumba anamtaka ahame kwa kuwa amejitokeza mtu aliye tayari kulipa zaidi. Mpangaji anakataa. Wiki ile ile maji yanakatwa, kisha umeme, na siku moja anaporejea kutoka kazini anakuta mlango umefungwa kwa kufuli jipya na vyombo vyake vimetolewa uani. Majirani wanamwonea huruma, lakini baadhi yao wanasema: "Nyumba ni yake, utamfanya nini?"

Kauli hiyo haina msingi wa kisheria. Ni kweli kwamba nyumba ni ya mwenye nyumba. Hata hivyo, alipoipangisha na kupokea kodi, alimkabidhi mpangaji haki ya kuikalia kwa muda waliokubaliana, na katika muda huo haki hiyo ni ya mpangaji.

Maana ya haki hii

Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, iliyotungwa mwaka 1999, inaweka masharti ambayo huhesabiwa kuwa yamo ndani ya mkataba wa upangishaji hata kama hayakuandikwa. Kifungu cha 88 kinaeleza wajibu wa mwenye nyumba. Wa kwanza ni kwamba maadamu mpangaji analipa kodi na kutimiza masharti ya mkataba, ataikalia na kuitumia nyumba kwa amani na utulivu, bila kuingiliwa na mwenye nyumba wala na mtu yeyote anayedai haki kupitia kwake. Kwa hiyo sharti hili halimhusu mwenye nyumba peke yake. Ndugu yake, mrithi wake au dalali aliyetumwa naye hawezi kufanya kile ambacho mwenye nyumba mwenyewe amekatazwa.

Wengi husikia neno "utulivu" wakadhani linahusu kelele tu. Maana yake kisheria ni pana zaidi. Linahusu mpangaji kutumia makazi yake bila bughudha: kufunga mlango wake, kulala, kupika, kupokea wageni na kulea watoto pasipo mtu kumwingilia. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania nayo, katika Ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa maskani yake. Ibara hiyo haitofautishi maskani ya kumiliki na maskani ya kupanga.

Mambo yanayovunja utulivu

Kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au bati, kukata maji au umeme kwa makusudi ili mpangaji achoke na kuondoka, kuingia chumbani bila taarifa, kutoa vyombo nje na kumtisha mpangaji au familia yake ni mifano ya wazi. Yako pia mambo yanayofanyika polepole. Mwenye nyumba hatakiwi kuitumia ardhi yake ya jirani, wala kuruhusu itumiwe, kwa namna inayoifanya nyumba aliyopangisha isifae kwa shughuli iliyokusudiwa. Aliyepangisha vyumba vya kulala, kisha akaruhusu karakana ya kuchomelea vyuma uani usiku, amegusa sharti hilo.

Utulivu unakwenda sambamba na hali ya jengo. Pale ambapo ni sehemu tu ya nyumba iliyopangishwa, kama ilivyo katika nyumba zetu nyingi za vyumba, wajibu wa kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu na njia zinazotumiwa na wote ni wa mwenye nyumba. Nyumba ya kuishi inapaswa kuwa katika hali inayomfaa binadamu mwanzoni mwa upangaji na kuendelea kuwa hivyo.

Kelele za jirani asiyehusiana na mwenye nyumba ni jambo tofauti. Mwenye nyumba hawajibiki kwa kila kinachofanywa na watu wengine mtaani. Malalamiko ya muziki wa baa au mashine hupelekwa kwa uongozi wa mtaa na kwa maofisa wa mazingira wa halmashauri, kwa kuwa kelele zinazozidi kiwango zinadhibitiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004.

Haki za mwenye nyumba

Haki hii ina masharti. Inamlinda mpangaji anayelipa kodi na kuitunza nyumba. Mpangaji anayezuia kodi kwa hasira, hata kama paa linavuja kweli, anajiweka mahali pabaya, kwa sababu naye anakuwa amevunja mkataba. Lililo salama ni kulipa, kudai matengenezo kwa maandishi, na kulifikisha suala panapohusika likipuuzwa.

Mwenye nyumba anayo haki ya kuingia kukagua jengo au kulifanyia matengenezo, mradi iwe katika wakati unaofaa. Taarifa ya mapema na muda wa mchana huondoa manung'uniko mengi. Vilevile anaweza kukataa kuendelea na mpangaji muda wa mkataba unapokwisha. Kuhusu kiwango cha kodi, Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kodi hutegemea makubaliano ya pande mbili. Hata hivyo, makubaliano yakishafikiwa, upande mmoja hauwezi kuyabadilisha peke yake katikati ya muda uliokwisha kulipiwa.

Kumwondoa mpangaji

Kwa mpangaji wa mwezi hadi mwezi, notisi ya kusitisha upangaji haipaswi kuwa fupi kuliko kipindi cha upangaji wenyewe, yaani mwezi mmoja. Kwa mkataba wa muda maalumu, muda huo huheshimiwa isipokuwa kama masharti yamevunjwa. Mpangaji akishindwa kulipa, mwenye nyumba anazo njia za kisheria za kurudishiwa nyumba yake na kudai deni.

Kutumia nguvu si mojawapo ya njia hizo. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuingia katika nyumba kwa nguvu au vitisho ili kuitwaa ni kosa la jinai, na haijalishi kama anayeingia ana haki ya kuimiliki. Mdaiwa wa kodi naye hatolewi nje kwa mabavu.

Umuhimu wa kumbukumbu

Sheria inatambua upangaji wa mwaka mmoja au pungufu hata kama ulifanywa kwa mdomo. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wa maandishi, ulioshuhudiwa na watu wa pande zote mbili, unapaswa kuonyesha kiasi cha kodi, tarehe ya kuanza na kumalizika, nani analipia maji na umeme, na namna ya kutoa notisi. Risiti au ujumbe wa malipo ya simu uhifadhiwe. Bughudha ikitokea, mpangaji aandike tarehe, saa, kilichofanyika na majina ya walioshuhudia, na apige picha panapowezekana.

Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza ni mazungumzo, yakifuatiwa na barua fupi kwa mwenye nyumba, nakala ikibaki kwa mpangaji. Yasipofaulu, suala lifikishwe kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Penye vitisho, vurugu au uharibifu wa mali, taarifa itolewe polisi mara moja.

Mgogoro ukiendelea, unapelekwa katika Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, kazi ya baraza hilo katika migogoro ya ardhi ni kusuluhisha, si kutoa hukumu. Likishindwa kupatanisha, hutoa hati ya kuthibitisha hivyo; na siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea mbele bila hati hiyo. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo lina mamlaka ya kusikiliza shauri na kulitolea uamuzi, na linaweza kuombwa kutoa zuio wakati shauri linaendelea. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Mwananchi asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kupata huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wasaidizi wa kisheria hutoa ushauri na kusaidia kuandaa nyaraka bila malipo, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kumwelekeza mahali walipo.

Mpangaji wa mwanzo wa habari hii, aliyekuta vyombo vyake uani, hakuwa akiomba hisani. Alikuwa na miezi mitatu aliyokwisha kuilipia, na kwa miezi hiyo mitatu chumba kile kilikuwa nyumbani kwake.