Kwa nini jenereta hulemewa friji linapowashwa
Na Mwandishi Wetu, Arusha

MKAZI wa Jiji la Arusha anayeishi jirani na duka lenye jenereta anaufahamu vyema mlio huu. Umeme unakatika, jenereta inawashwa na kutulia katika ngurumo yake ya kawaida. Mara friji linapowashwa, ngurumo hushuka kidogo, kisha hupanda ikiwa nzito kuliko awali.

Wapo wanaodhani huo ni ubovu wa mashine. La hasha. Hiyo ni dalili kwamba mashine inafanya kazi yake.

Ndani ya jenereta mna shafti, yaani chuma cha mviringo kinachounganisha injini na upande unaozalisha umeme. Shafti hiyo huzungusha sumaku katikati ya nyaya za shaba zilizosukwa pembeni yake. Mwanasayansi wa Uingereza, Michael Faraday, alionyesha mwaka 1831 kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo.

Iwapo hakuna kifaa kilichowashwa, shafti huzunguka kwa wepesi. Umeme unapoanza kutumika, mkondo unaopita katika shaba nao hujenga nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huivuta shafti nyuma. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anakumbuka jinsi kanyagio zilivyokuwa nzito taa ilipowaka.

Kifaa kiitwacho gavana huhisi mwendo ukipungua, kikaongeza mafuta. Ndiyo maana lita za dizeli hupanda kadiri vifaa vinavyoongezeka.

Mwendo huo haupaswi kuyumba. Umeme wa Tanzania hubadili mwelekeo kwa mizunguko 50 kila sekunde, na jenereta yenye ncha nne za sumaku huupata kwa kuzunguka mara 1,500 kwa dakika. Yenye ncha mbili hulazimika kuzunguka mara 3,000.

Jenereta ikibebeshwa mzigo uliozidi uwezo wake, shafti hupunguza mwendo, nguvu ya umeme hushuka, na mota ya friji hupata joto hata kuungua. Ikumbukwe kwamba mota inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imetulia. Mnunuzi anayepiga hesabu ya matumizi ya kawaida tu, akachukua mashine ndogo kwa kuwa ni rahisi, huenda akalipa tofauti hiyo kwa kununua friji jingine.

Katika gridi ya Taifa, kanuni ni ile ile, isipokuwa shafti nyingi huzunguka kwa kupatana kana kwamba zimefungwa pamoja. Mtambo mmoja ukizima ghafla, mzigo wake huiangukia mingine, nayo hupungua mwendo. Mwendo ukishuka mno, baadhi ya maeneo hukatwa ili kuiokoa iliyobaki. Hivyo Arusha yaweza kuingia gizani kwa hitilafu iliyotokea mamia ya kilomita kutoka hapa.

Kwenye mitambo ya maji, kazi ya injini hufanywa na gurudumu la turbini. Na hapo ndipo Mlima Meru unapoingia katika hesabu.

Maji ya mito ya Themi, Nduruma na Usa, inayoteremka kutoka mlimani, huingia Mto Kikuletwa, ambao humwaga maji yake katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa hilo lina mitambo ya megawati 8. Chini yake, kwenye Mto Pangani, iko mitambo ya Hale ya megawati 21 na New Pangani Falls ya megawati 68.

Mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde, ikianguka mita 10, hubeba takriban kilowati 98. Maji hayo hayo ndiyo yanayotakiwa na mifereji ya mashamba ya mboga na migomba huko juu. Mkulima akiyafungulia shambani, sehemu kubwa haifiki tena kwenye turbini. Yakiachwa yateremke, bustani hukauka. Wakati wa ukame wa mwaka 2006, nchi ilipoingia katika mgawo mkali wa umeme, ubishi huo haukuwa wa nadharia.

Anayetaka kuiona shafti ya aina hiyo hana haja ya kufika Pangani. Kituo cha zamani cha kufua umeme cha Kikuletwa, wilayani Hai, kiko chini ya Chuo cha Ufundi Arusha, ambacho kimekifanya mahali pa kufundishia mafundi wa nishati jadidifu.